Jirani Yangu wa Cherehani na Dola za Simu

Kwa miaka kumi na saba nilishona kiwiko kwa kiwiko na mwanamke mmoja wa Burundi, katika soko la Dzaleka, kambi ya wakimbizi huku Malawi. Kibanda kilikuwa kimoja, cherehani mbili, na bati la juu tulilinunua kwa kuchanga. Yeye alishona sare za shule. Mimi nilishona magauni ya ibada na nguo za kwaya. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwita yaya, kama tunavyowaita dada wakubwa kwetu Bukavu, Kongo. Yeye aliniita murumuna wanje, mdogo wangu, kwa Kirundi chake.

Alikuwa amefika kambini na mtoto mgongoni. Mume wake alikufa kwa homa wakiwa njiani, wakamzika na kuendelea kutembea. Huyo mtoto wa mgongoni ndiye alikuwa ukoo wake wote. Msichana alikua hapo hapo katikati ya vitambaa vyetu, akalala kwenye mabaki ya nguo, akajifunza kusoma kwa kutaja herufi za lebo. Alipofika sekondari alisema anataka kuwa muuguzi, na tangu siku hiyo mama yake hakununua kitenge kipya. Kila alichopata kilikwenda kwenye akiba ya chuo.

Mume wangu alikuwa mwalimu wa hesabu Bukavu. Huku kambini alifundisha kwa posho ndogo, mpaka alipopata kazi ya mtandaoni: anasikiliza sauti za watu wakizungumza Kiswahili na Kifaransa, anaandika walichosema, anatuma. Kampuni ilikuwa ng'ambo. Walipotaka kumlipa wakamwomba namba ya akaunti ya benki, naye hakuwa nayo. Kitambulisho cha mkimbizi kilikuwa kimemrudisha mlangoni mara mbili. Basi wakamlipa kwa dola za mtandaoni, zile zinazokaa ndani ya simu.

"Iko wapi?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Njo hii." Ndiyo hii, kwa Kiswahili cha kwetu. Akanionyesha kioo cha simu.

"Mi naona namba tu, baba batoto. Tutapika namba?"

Alicheka. Kesho yake alipanda minibasi kwenda Lilongwe, akaenda mtaa wa Area 23 kwa fundi mmoja wa simu, Mmalawi, ambaye alinunua zile dola na kumpa kwacha, pesa ya huku. Alirudi na gunia la unga, mafuta, na viatu vya batoto wote watatu. Siku hiyo niliamini.

Alianza kwenda kwa yule fundi kila mwezi, na kila akirudi alikuwa na habari mpya. Fundi alimwambia kwamba wafanyabiashara wa Lilongwe wanaoagiza vitu kutoka nje wanakuja kwake kwa sababu benki hazina dola za kuwapa. Kwamba wauza magari wanazitumia, wauza dawa wanazitumia, hata wakulima wakubwa wa tumbaku wameanza kuuliza. "Miaka michache tu," mume wangu alikuwa akisema tukila, "nchi kubwa kubwa za Afrika zitaingia, kisha hii yetu. Mutu asiyeruhusiwa kuingia benki atakuwa na benki yake mfukoni." Aliposema hivyo uso wake ulikuwa ule wa Bukavu, wa mtu mwenye ubao na chaki. Nilikuwa sijauona kwa muda mrefu.

Akaomba ukumbi wa kanisa, akawa anafundisha kila Jumamosi mchana, bure. Walikuja Wakongo, Warundi, Wanyarwanda. Aliwafundisha kufungua pochi ya simu, kuandika kwenye karatasi yale maneno kumi na mawili ya siri yanayoifungua, kutambua matapeli. Watu wakaanza kumwita Mwalimu wa Dola. Na mimi sokoni nikawa mke wa Mwalimu wa Dola. Sitaficha: nililipenda hilo jina.

Siku moja yaya alikuja kibandani na karatasi ya chuo cha uuguzi. Aliiweka juu ya meza yangu, akaikunjua kwa kiganja.

"Murumuna, angalia. Kila mwaka nafika pale ada ilikuwa, nakuta imeshahama."

Ilikuwa kweli. Kwacha ilikuwa inashuka. Akiba yake ilikuwa ile ile kwa hesabu, lakini haikununua tena vitu vile vile. Nilimshika mkono, nikamwambia twende nyumbani kwa mume wangu. Mimi ndiye niliyempeleka.

Mume wangu alimfundisha wiki tatu, peke yake, kwa sababu simu ilimtia hofu. Hakumwahidi faida. Alimwambia kitu kimoja tu: hapa ndani ya simu franga zako, pesa zako, hazitakua, lakini hazitaoza. Kuhusu yale maneno ya siri alimwambia, "Usimpe mutu. Hata mimi. Hata pasta." Yaya aliyashona ndani ya bitana ya koti lake la ibada, kwa mshono mdogo mdogo ambao mimi mwenyewe, fundi, nisingeuona.

Akiba yote ikageuzwa dola za simu, na kwa zaidi ya mwaka ikasimama bila kupungua. Kwacha iliposhushwa thamani na bei ya mahindi ikaruka, watu wote sokoni walilia, lakini yaya aliendelea kukanyaga cherehani yake, akitabasamu kwa aibu kama mtu aliyekula wakati wengine wamefunga. Jumapili alisimama kanisani akamwombea mume wangu mbele ya watu. Binti akapata barua ya kukubaliwa chuoni. Ilibaki kiasi kidogo tu kufikia ada ya mwaka wa kwanza.

Hicho kiasi kidogo ndicho kilichotumaliza.

Kulikuwa na mama mmoja wa kwetu Bukavu aliyekuwa akiishi Kauma, pembeni mwa Lilongwe. Alinunua nyanya kwa wakulima wa Mitundu, akaziuza mjini kwa makreti. Siku nyingine alikuja kusali nasi kambini. Yeye ndiye aliyemwonyesha yaya programu moja ya simu. Unaweka dola zako mle, kila siku zinaongezeka. Alikuwa ameshatoa mara moja akanunua friji, na friji tuliiona. Watu walimwita mwizi baadaye, lakini hakuwa mwizi. Na yeye alikuwa ameweka mtaji wake wote wa nyanya mle ndani.

Ilikuwa Jumatano. Mume wangu alikuwa Lilongwe. Mimi nilikuwa nashona magauni arobaini ya kwaya kwa ajili ya mkutano wa kanisa, na siku zilikuwa zimenibana. Yaya alisimamisha cherehani yake.

"Murumuna. Ile kitu ya mama wa Kauma, baba batoto anaijua?"

Nilikuwa na pini mdomoni. Nikaitikia kwa kichwa, bila kufikiri.

"Njo ile ile yake, ama ni ingine?"

Nikatoa pini. "Ni kitu kimoja, yaya. Dola ya simu ni dola ya simu."

Alinitazama kidogo. "Unaweza kumuuliza?"

"Nitamuuliza."

"Basi sawa," akasema, akarudisha mguu wake kwenye kanyagio.

Sikumuuliza. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kwa nini. Jioni ile mume wangu alirudi amechoka, mtoto wetu wa mwisho alikuwa na homa, na yale magauni yalikuwa bado kumi na saba. Lakini hayo si majibu. Kuuliza kungechukua muda wa kumwagia mtu maji ya kunawa. Nafikiri sikutaka kuonekana sijui. Nilikuwa nimeshamjibu kama mke wa Mwalimu wa Dola, na jibu langu lilinitosha.

Yaya hakusikia hapana, akaamini nimeuliza, akahamishia akiba yote mle. Miezi miwili alinionyesha simu yake kila asubuhi. Namba za kijani zilikuwa zinapanda. Alizitazama kama mtu anayechungulia sufuria, akafunika, akashona. Hata mara moja sikumwambia atoe kidogo ajaribu.

Siku za kulipa ada zilipofika alibonyeza kutoa. Ukaja ujumbe wa Kiingereza, binti akausoma: lipa kwanza kodi, ndipo upate pesa yako. Yaya akampigia mama wa Kauma. Mama wa Kauma akasema hata yeye ameambiwa hivyo hivyo, analipa, wote wanalipa.

Jumatatu ile nilikuwa kliniki na mtoto. Jumanne nilipofika kibandani nilikuta upande wa yaya uko wazi. Kwenye udongo kulikuwa na alama nne za miguu ya cherehani, na yeye amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, hana cha kufanya.

"Yaya, cherehani iko wapi?"

"Nimeipeleka itengenezwe."

Haikuwa imeharibika. Nilijua haikuwa imeharibika, kwa sababu nilikuwa nimeisikia Jumamosi yote. Lakini sikuuliza zaidi. Alikuwa ameiuza kwa fundi nguo mmoja wa mji wa Dowa ili alipe ile kodi.

Siku ya tatu programu haikufunguka tena.

Alikuja kwetu asubuhi, mume wangu akiwa ananawa uso nje. Mimi nilikuwa nimeshika beseni la nguo. Alimpa simu bila salamu. Mume wangu alijifuta mikono kwenye suruali, akaangalia, akabonyeza huku na huku, akaangalia tena. Kisha akakaa chini, kwenye udongo uliolowa.

"Mama, hii nani alikuonyesha?"

"Mama mmoja wa Kauma."

"Na hukuniuliza?"

Yaya aligeuza macho akanitazama. Hakunitazama kwa hasira. Ilikuwa kama mtu anayekupa nafasi ya kupita mbele yake mlangoni. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na sauti, mume wangu alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikatazama beseni.

"Sikukuuliza, mwalimu," yaya akasema. "Kosa ni yangu."

Siku hiyo hiyo tulikwenda Lilongwe sote watatu. Kauma tulimkuta yule mama uani kwake, amekaa kati ya makreti matupu, macho yamevimba. Alimshika yaya miguu, akasema anisamehe Mungu, anisamehe Mungu, mpaka majirani wakatoka. Tukaenda Area 23 kwa fundi wa simu. Yeye aliweka kazi yake pembeni na kufuatilia zile dola kwenye kompyuta yake, huku mume wangu akitutafsiria: hapa zilitoka kwake, hapa ziligawanywa, hapa zikapita sehemu hii na hii, na hapa hazionekani tena. Njia yote ilikuwa wazi mbele yetu, kila mtu duniani angeweza kuiona, na hakuna aliyeweza kuzirudisha. Yaya alisikiliza mpaka mwisho. "Zikomo," akamshukuru yule fundi kwa Chichewa, na akapiga goti kidogo kama wanavyofanya wanawake wa huku. Fundi aliinamisha kichwa, akatafuta bisibisi yake ambayo ilikuwa mkononi mwake.

Kambini maneno yalianza. Kwamba mwalimu amekula pesa ya mjane. Kwamba masomo yale ya bure yalikuwa chambo. Wengine walipita mbele ya nyumba yetu wakasema kwa sauti, ili tusikie. Jumapili ya pili mume wangu alisimama kanisani, akaenda mbele, akasema yeye ndiye aliyemfundisha yule mama kushika kitu ambacho hakumfundisha vizuri kukiogopa, na kwamba anaomba msamaha kwake na kwa kanisa. Akalia mbele ya wote. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia, hata Bukavu tulipoacha nyumba.

Mimi nilikuwa nyuma yake, kwenye mstari wa kwaya, nimevaa mojawapo ya yale magauni arobaini.

Yaya alisimama kutoka benchi la wanawake. "Mwalimu hana kosa," akasema. "Ningeomba bantu bamwache." Akakaa. Watu wakaona ni upendo wa Kikristo, na wazee wakasema amina. Hakuinua macho yake kuelekea kwaya. Akaimba pambio pamoja na wote, kisha akatoka kabla ya kushikana mikono.

Baada ya hapo alikwenda kulima kwenye mashamba ya Wamalawi, ganyu, kibarua cha kulipwa kwa siku. Viganja vilivyozoea uzi vilipasuka. Binti aliikunja ile barua ya chuo, akaenda naye shambani. Nilimwomba yaya tugawane cherehani yangu: yeye asubuhi, mimi mchana. Alikuja siku mbili. Siku ya tatu hakuja, nikamfuata kwake.

"Nikikaa pale," akaniambia, "mguu wangu unatafuta kanyagio ya ile yangu."

Tulikuwa peke yetu, yeye anachambua maharagwe. Nikapiga magoti karibu na ungo.

"Yaya, ile siku uliniuliza—"

"Ulikuwa na pini mu kinywa," akasema. "Nakumbuka."

"Sikumuuliza. Nilikudanganya."

"Najua. Nilijua asubuhi ile, kwenu. Mwalimu alikuwa hajui hata jina ya ile kitu." Aliendelea kuchambua. "Kosa la kujibu, hiyo naweza kusamehe. Mutu anajibu vibaya. Lakini nilikuangalia, murumuna. Pale na beseni. Nilikuangalia mpaka nikachoka."

Nilisema nitaenda kumwambia mume wangu sasa hivi, nitaenda kanisani. Akanyanyua mkono wenye vumbi la maharagwe.

"Kwa nani sasa? Mimi njo nilikuwa nahitaji."

Nilimsaidia kuchambua maharagwe mpaka yakaisha, kisha nikaondoka.

Wiki chache baadaye alijiandikisha kurudi Burundi. Wakimbizi wengi hatujiandikishi. Kurudi ni kama kulamba ulichotema. Yaya hakuwa na shamba kule, hakuwa na mtu, kaburi la mume wake lenyewe lilikuwa kando ya barabara katika nchi nyingine. Lakini huku pia hakuwa na kitu tena, na kule angalau mahindi yaliitwa kwa lugha yake. Hivyo ndivyo alivyowaambia wanawake wa sokoni. Mimi sikuambiwa, nilisikia.

Asubuhi ya safari nilikwenda pale magari yalipokuwa yanapakia. Nilikuwa nimeshona sketi mbili za binti, nimezifunga kwa kitambaa. Binti alizipokea, akanikumbatia, akalia begani kwangu kwa muda mrefu, na nilijua kwamba mama yake hakumwambia chochote. Yaya alikuwa amevaa lile koti la ibada. Alinipa mikono miwili, kwa heshima, jinsi unavyompa mgeni aliyetoka mbali. Mikono yake ilikuwa migumu. Hakuniita murumuna. Alisema, "Usalimie mwalimu," akapanda.

Siku hiyo ndipo nilipomwambia mume wangu. Nilimwambia yote, kuanzia pini mpaka beseni. Alikuwa amevaa vipokea sauti shingoni, kazi yake ikimsubiri.

"Siku ile nilisimama kanisani," akasema, "ulikuwa nyuma yangu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa umbali gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka mlango."

Akatazama mlango. Kisha akavaa vile vipokea sauti, akaanza kuandika. Hakunipigia kelele siku hiyo wala baadaye. Tunaishi, tunakula pamoja, ananiita mama batoto kama zamani. Jumamosi hafundishi tena.

Lakini zile dola hazikuondoka. Bado analipwa nazo, hakuna njia nyingine. Siku hizi hapa kambini wanaozitumia ni wengi kuliko wakati ule, na fundi wa Area 23 amepanua duka lake. Wanafunzi wa kwanza wa mume wangu wanafundisha wengine. Alivyosema tukila, njo inavyokuwa, taratibu, ila yeye hapendi tena kuizungumzia. Wanawake vijana wanasimama kibandani kwangu wakiniuliza hili na lile kuhusu programu fulani. Nawaambia sijui. Nawaambia waende nyumbani wamuulize mwalimu mwenyewe, na nasimama nikawatazama mpaka nione wameshika njia ya kwetu. Wakirudi nawauliza amesema nini.

Ule upande wa yaya nimeupangisha kwa mwanamke mwingine anayeuza vifungo na zipu. Ni mtu mzuri. Huwa tunasalimiana tu.

Mwaka uliopita mama wa Kauma alikuja kusali. Ameanza tena biashara ya nyanya, kidogo kidogo, kwa mkopo wa kikundi. Baada ya ibada alinivuta pembeni akaniambia amepata ujumbe wa sauti kutoka Burundi. Tulisimama chini ya ukuta wa kanisa, akaweka simu katikati yetu, na nikasikia sauti ya yaya kwa mara ya kwanza tangu aondoke. Alisema walifika salama, ni siku nyingi sasa, mvua imekuwa nzuri. Alisema binti anafanya kazi kwenye duka la dawa, anafagia na kupanga, na mwenye duka anamfundisha majina ya dawa. Alisema yeye anashona siku mbili kwa wiki kwa cherehani ya kuazima. Alimsalimia mama wa Kauma na watoto wake, akamwambia asiendelee kujitesa. Akamsalimia pasta. Akamsalimia mwalimu, na watoto wa mwalimu, akiwataja mmoja mmoja, wote watatu.

Nikabaki nimeinama juu ya ile simu. Kulikuwa na upepo ndani ya ile sauti, na kuku, na mtu akiita kwa mbali kwa Kirundi.

"Inaendelea?" nikauliza.

Mama wa Kauma aliangalia kioo. "Hapana, dada," akasema. "Imeishia hapo."